Timu Iliyokataa Kushindwa

Kwa miaka miwili mfululizo nilikuwa mama wa bingwa wa Marekani, na ukijumlisha dakika zote ambazo mwanangu aliingia uwanjani katika miaka hiyo, hazitoshi kuchemsha chai. Nalisema mapema ili mtu asije akanipongeza. Nimepongezwa vya kutosha. Nimepongezwa sokoni Newtown, hapa Johannesburg, nimepongezwa kwenye foleni ya teksi, na siku moja nilipongezwa na mteja aliyekuwa chini ya mikono yangu, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, nikatamani kumwambia achukue pongezi zake aende nyumbani na ile nusu.

Mimi ni msusi. Nina kiti changu ghorofani pale Marshalltown, juu ya duka la simu, ambapo sisi wanawake wa Kongo tumekodi chumba kimoja na kila mtu ana kioo chake. Mume wangu ni mlinzi wa maghala huko Midrand. Tulitoka Bukavu mtoto akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Akakulia hapa, akasomea hapa, akajua Kizulu na Kiingereza kabla hajajua kunijibu. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakurudishia Kiingereza, na ndivyo tulivyoishi, kila mtu na lugha yake, tukielewana kuliko watu wengi ninaowajua wanaotumia lugha moja.

Alirefuka ghafla, kwa namna ya kutia hofu. Suruali za baba yake zilimfikia katikati ya miguu. Shuleni wakamwona, wakampa mpira wa kikapu, na hapo ndipo nilipomjua mwanangu upya. Nyumbani alikuwa mtoto wa kimya mno, wa kuumwa siku nzima asiseme. Uwanjani alipiga kelele, alicheka mdomo wazi, alibishana na refa mpaka nikaona aibu na furaha kwa pamoja. Nilikuwa nikienda kumtazama na vitana bado viko mfukoni. Nilikaa kwenye saruji nikafikiri, kumbe huyu yumo humu ndani, na mlango wake ni huu.

Alipomaliza shule alikuja mtu kutoka chuo kikuu kimoja cha Marekani, akamtazama akicheza, na baada ya miezi wakampa nafasi ya kusoma bure kwa ajili ya mpira. Timu ya chuo hicho wakati ule ilikuwa ya kawaida, ya kushinda leo na kupigwa kesho. Kocha wao aliongea nami kwenye simu kwa upole mkubwa. Alisema mwaka wa kwanza mtoto atakaa benchi ajifunze, mwaka wa pili atacheza. Niliyashika maneno hayo kama mtu anavyoshika nauli kwenye teksi. Watu walidhani nataka utajiri. Nilitaka kumwona anacheza, basi, kwa sababu nilijua kwamba asipocheza atarudi mle kimyani na safari hii nitakuwa mbali, sitaweza kwenda kumtoa.

Mwaka huohuo wa kwanza, timu ile ya kawaida ikachukua ubingwa wa vyuo vya nchi nzima. Mashindano yao ni ya mtoano, ukipigwa mara moja tu unafungasha, na wao hawakupigwa. Fainali yao huchezwa huku kwetu watu wamelala, kwa hiyo tuliitazama asubuhi saluni, simu imeegemezwa kwenye kopo la mafuta ya nywele. Hakuna aliyetazama mpira. Tulikuwa tunatazama benchi. Kila kamera ilipopita upande ule tulipiga mayowe, kwa maana alikuwa pale mwishoni kabisa, taulo shingoni, magoti yamempanda hadi kifuani. Baada ya ushindi wana desturi ya kuleta ngazi, na kila mchezaji anapanda anakata kipande cha wavu wa kikapu. Na yeye alipanda. Nilipomwona ameshika mkasi nilipiga kigelegele hadi watu wa duka la simu wakapanda kuuliza kuna nini.

Sasa, kanisani kwetu Mungu akimtendea mtu jambo, mtu huyo hatoki mbele peke yake. Wanawake wananunua kitambaa cha aina moja, fundi anashona, na Jumapili ya shukrani mnaingia nyote mmevaa sare, mnacheza kutoka mlangoni hadi madhabahuni, ndugu, majirani, hata wasusi wenzako. Walichagua bluu nzito, rangi ya timu. Mchungaji alisema bingwa ametoka katikati yetu, sisi ambao watu wa hapa wanatuita wageni. Ukumbi ulilipuka. Wakati wa chakula nilimsikia mzee mmoja, mshona viatu, akiwaeleza wenzake jinsi mwanangu alivyonyakua mpira, akaruka juu ya watu, akautumbukiza kikapuni kwa mikono miwili. Nje watoto walikuwa wanagombana nani awe yeye. Nikasema moyoni, waache watie chumvi, kuna ubaya gani, mwaka ujao atayafanya kweli. Nilipompigia simu nilimsimulia yote, na alicheka kicheko kile cha uwanjani ambacho sikukisikia tena kwenye simu.

Mwaka wa pili nikasubiri. Nilikuwa nimejifunza mchezo wenyewe sasa. Nilijua kwamba timu ikiongoza kwa mbali, kocha huwaingiza wale wa mwisho ili dakika ziishe. Nikawa mtu wa ajabu: mechi kali, ile ambayo wengine wanaipenda, ilinichoma roho, na mechi ya upande mmoja, ambayo wengine huizima, niliitazama hadi mwisho. Mara chache aliingia. Aligusa mpira, akautoa haraka kwa mwenzake kama kitu cha moto. Sikuona mdomo wazi wala kubishana na refa. Na kila mwezi kiti chake pale benchini kilizidi kusogea mbali na kocha.

Nina mteja mmoja Mkenya, anafanya kazi benki, ambaye aliwahi kuchezea chuo chake Nairobi. Siku moja nikiwa namsuka nilimwonyesha picha, nikamuuliza kwa nini mwanangu anasogezwa wakati timu inashinda.

"Mama, aliingia hapo kabla hawajashinda, si ndio?" akauliza.

"Ndiyo. Walikuwa timu ya hivi hivi."

"Hapo ndipo kuna shida. Ukishinda, kila kijana mrefu wa huko anataka kuja kucheza kwako. Kocha anachagua tu vile anataka. Angalia hawa watatu. Wote ni wa nafasi ya kijana wako, na wote wamekuja mwaka huu. Wakichukua tena, mwaka ujao wataleta wakali zaidi."

"Kwa hiyo wakishinda ndiyo anasukumwa?"

"Pole sana, mama. Sisi tulichukua ubingwa mara nne mfululizo. Watu walikuwa wanasema timu ni ileile. Haikuwa ileile. Wengi tulioanza nao hawako kwenye picha ya mwisho. Jezi ndiyo ilikuwa ileile."

Mikono yangu ikasimama. Nilikuwa nimekumbuka Jumatano. Kila Jumatano, tangu zile shukrani, kikundi chetu cha maombi cha wanawake kilikuwa kinafunga na kuiombea timu ile ishinde. Wanawake wanaosimama siku nzima barabarani wakiuza soksi na karanga walikuwa wanashinda na njaa ili chuo cha matajiri wa Marekani kichukue kikombe. Na kadiri walivyoomba, ndivyo mwanangu alivyosogezwa.

Jumatano iliyofuata nilisimama nikawaambia tuombe wapigwe.

Kiongozi wetu, mama mmoja mnene wa Uvira ambaye nampenda kweli, alinitazama kama nimevua nguo.

"Mama Bingwa, unasema nini?"

"Bapigwe mara moja tu. Mara moja. Mutoto apate kucheza."

"Tumuombe Mungu mutoto yetu ashindwe? Eish! Batu batatucheka mpaka Kongo. Hiyo si wewe, mama. Hiyo ni roho ingine iko inakusemesha."

Nikaeleza. Nilieleza habari ya vijana watatu, ya jezi, ya kiti kinachosogea. Walinisikiliza kwa huruma nyingi, kisha wakaniweka katikati, wakaniwekea mikono, wakaikemea ile roho inayonifanya nichukie baraka za mwanangu mwenyewe. Halafu wakaiombea timu kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Mimi pale katikati, mikono ya watu kichwani, damu inachemka.

Basi nikawa naomba peke yangu. Kwenye teksi, tukisimama kwenye taa za barabarani, robot kama wanavyoziita hapa, nilifumba macho nikaomba wapigwe. Nilianza kwa kuomba mchezaji wao bora ateguke mguu, nikakumbuka na yeye ana mama, nikabadilisha, nikaomba mipira yake igonge chuma tu na kurudi. Sijui kama kuna mwanamke mwingine Johannesburg nzima aliyewahi kumsumbua Mungu kwa jambo kama hilo. Niliona wazi kabisa, kwa akili zangu timamu, kwamba kushindwa kwao ndiyo nafasi pekee iliyobaki.

Wakashinda. Fainali ilikuwa ya kukabana koo hadi sekunde za mwisho, kwa hiyo hakuingia hata kusimama. Niliona ngazi, niliona mkasi. Alipofika juu alikata kipande chake haraka akashuka, bila kuangalia kamera. Wanawake saluni walikuwa wanarukaruka na mimi nilikaa kwenye kiti cha wateja nikashika tama. Nilimchukia Mungu asubuhi ile, nasema wazi. Alikuwa amesikiliza walio wengi.

Shukrani zikafanyika tena. Kitambaa kipya, kwa sababu cha mwaka jana walisema kimezoeleka. Nilicheza kutoka mlangoni hadi mbele huku nimeuma meno hadi taya likauma, na watu wakasema angalia furaha ya mama.

Haukupita muda mrefu kocha alimwita mwanangu ofisini. Kwa upole uleule alimshauri atafute chuo kingine ambako atapata nafasi. Wana utaratibu huko: mchezaji anatangaza kwamba anahama, halafu anakaa kusubiri simu. Lakini chuo kikikutafuta kinauliza ulifunga mara ngapi, ulicheza kiasi gani, na bingwa wangu mara mbili hakuwa na jibu. Timu yenyewe iliyomnyima kucheza ndiyo iliyomfanya aonekane hajui kucheza. Simu haikuja. Msaada wa masomo ulipokwisha akaacha chuo, na kibali chake cha kukaa kilitegemea masomo. Akahamia kwa rafiki. Nilipomuuliza anafanya nini mchana, alisema anafanya vitu.

Mume wangu aliposikia, alivua kofia yake ya kazi, akaigeuzageuza mikononi, akasema, "Arudi." Kisha akaenda kazini, kwa maana angefanya nini.

Nilimwambia mtoto arudi. Nilimwambia kila nilipompata.

"Nirudi kama nani, mama?" aliniuliza. "Kila nikikupigia unaniambia wameshona nguo. Usimwambie mtu. Niahidi."

Nikaahidi. Mwaka mzima nikabeba ahadi hiyo. Kila Jumatano walimwombea ndani ya timu ambayo hakuwemo. Walipoangalia mechi na wasimwone pale benchini, mmoja alisema labda ameumia, mwingine akasema hapana, wanamficha kwa ajili ya fainali. Hilo la kumficha likapendwa, likasambaa. Vijana wa kanisa walimweleza mchungaji kwamba makocha wakubwa hufanya hivyo. Mimi nilisema Mungu anajua.

Nao wale wakashinda mara ya tatu. Redio, magazeti, wateja, wote wakasema hii sasa ni nasaba ya wafalme, haijaonekana siku nyingi. Niliangalia ngazi ile hadi mtu wa mwisho akashuka. Walikuwa vijana ambao sijawahi kuwaona, na walizikata nyavu kama watu waliozaliwa wakikata nyavu.

Jumapili mchungaji aliniita mbele. Nilipokuwa natembea katikati ya viti nilikuwa nawaza jambo moja, na hadi leo silioni kosa lake: kwamba kinachomzuia mwanangu kurudi ni watu hawa waliosimama wanapiga makofi. Wao hawajui, na yeye anaogopa siku watakapojua. Wakijua, hofu imekwisha. Atarudi, atacheza pale kwenye viwanja vya mjini na vijana wa hapa, atabishana na refa.

Nikachukua maikrofoni nikawaambia. Kwamba hayumo. Kwamba tangu mwaka jana hayumo, na hata alipokuwemo hakucheza, na ile mipira aliyotumbukiza hakuitumbukiza. Kisha mama wa Uvira akasimama, akaja mbele, akanikumbatia, na kanisa zima likalia.

Wiki ile walikuja nyumbani kukaa nasi kama watu wanavyokaa kwenye msiba. Walileta sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, samaki, wali. Yule mzee mshona viatu alikuja akaomba radhi kwa baba yake mtoto. Mama wa Uvira aliosha vyombo vyangu vyote.

"Mwambie arudi," alisema. "Ni mutoto yetu. Nani alimuomba akuwe bingwa?"

Nilimtazama nikataka kumkumbusha zile Jumatano, nikaacha, kwa sababu alikuwa anasema kweli kutoka moyoni. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nililala usingizi wa mtu mzima.

Jumamosi nilimpigia simu. Akapokea. Nilimwambia kwa furaha, haraka haraka, kabla hajanikatiza: nimewaambia, wote wanajua, hakuna aliyekasirika, wamelia, wamesema urudi hata kesho, baba yako ameshaanza kupaka rangi chumba.



"Wote?" akauliza.

"Wote, mwanangu. Imekwisha. Huna cha kuogopa tena."

"Hata wale watoto? Wale wanaogombana nani awe mimi?"

Nikasema hata wao.

"Mama," akasema, na sauti yake haikuwa na ugomvi wowote, ilikuwa sauti ile ya utotoni ya kuumwa siku nzima. "Nilipokuwa nimekaa kwenye lile benchi nilikuwa nawaza kanisa lenu. Kwamba kuna watu huko wananiona nimeruka, nimefunga. Hata baada ya kufukuzwa, niliendelea kufunga huko. Hapo ndipo mahali pekee nilipokuwa nacheza. Na wewe umenitoa."

Nilimwita jina lake. Nilisikia akipumua, kisha akakata simu taratibu, na tangu siku hiyo hapokei.